Cherehani Iliyolala Topeni

Jina la Mama Vifungo alipachikwa na watoto wa shule. Yeye ndiye aliyewashonea sare, na vifungo vyake havikuwa vya mchezo. Shati lilipauka, likachanika kwapani, likaishia kuwa dekio la kusugulia sakafu, na vifungo bado vimeng'ang'ania palepale. Akiulizwa siri yake ni nini, alisema hakuna siri, ni kwamba hapendi kurudia kazi.

Alikuwa na miaka arobaini na minne masika yale mto ulipoingia nyumbani kwake. Nyumba ilikuwa hatua kama mia mbili kutoka ukingoni: sebule, vyumba viwili vya kulala, na jiko la nje lililoezekwa kwa bati kuukuu. Cherehani ilikaa sebuleni chini ya dirisha, kwa ajili ya mwanga. Aliachiwa na shangazi yake, aliyemfundisha kazi. Ilikuwa ya miguu, nzito, rangi yake nyeusi imechubuka pale ambapo mikono ya wanawake wawili imepita kwa miaka.

Mumewe alikuwa dereva wa lori na nyumbani alikuja kwa mwezi mara moja, mara mbili akibahatika. Binti zao wawili walikwisha kuolewa mbali. Kwa hiyo siku nyingi nyumba ilikuwa na watu wawili tu, Mama Vifungo na mama mkwe wake.

Mama mkwe huyo alikuwa msusi wa mikeka mpaka mtoto wa jicho alipomfunika macho yote mawili. Sasa aliona mwanga na giza, na vivuli vya watu wakipita. Hakuwa mtu mbaya. Ila zamani alikuwa na binti mwingine akilini wa kumwoza mwanawe, mwanawe akamletea huyu, na jambo hilo hakuwahi kulisema wala kulisahau. Hawakugombana hata siku moja. Waliishi kama abiria wawili waliopangiwa kiti kimoja: wanasalimiana, wanapishana miguu, kila mmoja anatazama dirisha lake.

Mvua ilinyesha majuma mawili mfululizo, kisha ikakatika. Alhamisi ile jua lilitoka kabisa, watu wakaanika nguo na wengine wakaanza kusema masika yamekwisha mapema. Hilo ndilo lililowadanganya. Maji hayakutoka mawinguni kwao, yalitoka milimani, safari ya siku mbili.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Mama Vifungo alikuwa akiunga mkono wa shati, mashati ya shule thelathini na nane yamekatwa na nusu yake yameshonwa, aliposikia kuku wakirukia juu ya banda. Akainua macho. Kwenye shamba la mahindi, katikati ya matuta, kulikuwa na kitu kinang'aa. Akadhani jirani amefungulia mfereji. Akarudi kwenye mshono wake, akapiga kanyagio mara tano au sita, halafu akaona kandambili zake zinatembea zenyewe sakafuni kuelekea chumbani.

Hakupiga kelele. Alichukua turubai, akafunga mashati yote pamoja na uzi na sanduku la vifungo, akapanda kwenye kiti na kulisukuma furushi pale ukuta unapokutana na paa. Kisha akavua mkanda wa cherehani, akafungua bolti mbili, akakinyanyua kichwa chake akiwa amekikumbatia kama mtoto mkubwa aliyelala, akakiweka juu ya meza ya chakula. Alipogeuka, maji yalikuwa yamefika chini ya magoti.

Mama mkwe alikuwa amekaa kitandani kwake, miguu juu, anasikiliza.

"Mama, maji yameingia. Tunaondoka."

"Maji ya wapi? Mvua haijanyesha tangu juzi."

"Ya mto."

"Mto huu nimeukuta hapa, na nitauacha hapa. Haujawahi kuvuka mpera wa marehemu mzee."

"Leo umeuvuka. Shusha mguu, Mama, uone mwenyewe."

Bibi akashusha mguu polepole. Maji yakampokea kabla hajafika sakafuni. Akaurudisha juu.

"Ni ya baridi," alisema, sauti yake imepungua. Halafu akasema, "Nenda wewe, mwanangu. Haya magoti yangu hayafiki hata chooni bila kupumzika. Nenda ukamwite mtu mwenye nguvu aje anichukue."

"Mtu mwenye nguvu ndiye huyu uliye naye."

Mama Vifungo akampa mgongo, akainama, akachukua shuka la kitandani akalipitisha chini ya makalio ya bibi na kulifunga mbele kifuani, mafundo mawili. Alitegemea uzito. Hakuna uzito alioukuta, mifupa tu na joto. Walipotoka mlangoni, meza ya chakula ilikuwa imeanza kuelea upande mmoja, na alijua itafanya nini. Hakuangalia mara ya pili.

Nje hakukuwa na uwanja tena. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yalikuwa yamefunika kila kitu, yakipita kwa nguvu kutoka kushoto. Barabara kuu ilikuwa juu ya tuta, kama hatua sitini mbele, na watu walikwisha kusimama pale. Hatua sitini alizokuwa akizitembea kila siku na ndoo kichwani, leo hakujua aweke mguu wapi. Njia haikuonekana, wala ua, wala shimo la takataka. Alisimama amekamata nguzo ya kibaraza, maji yanamvuta gauni.

"Umesimama nini?" bibi aliuliza sikioni mwake.

"Sioni pa kukanyaga, Mama."

"Kwani mimi naona? Nimetembea uwanja huu miaka sita bila macho. Mpapai uko wapi?"

"Mkono wa kulia. Kichwa chake kiko juu ya maji."

"Basi uelekee huohuo. Kushoto usithubutu, kuna mfereji alioufukua mzee, utatumeza sote. Hatua kumi na mbili mpaka kwenye mpapai. Hesabu."

Akahesabu. Kwenye ya kumi na mbili mkono wake uligusa shina la mpapai. Bibi akamwambia ageuze bega, aifuate harufu ya banda la mbuzi kama bado ipo, kisha akakumbuka kwamba mwenzake hanusi vizuri, akamwambia ahesabu tisa. Hivyo ndivyo walivyokwenda, mmoja akiwa miguu na mwingine ramani. Maji yalimfika Mama Vifungo tumboni, kisha mbavuni. Bibi akaona aibu ya kunyamaza mgongoni mwa mtu, akasema, "Nimebeba watoto saba kwa mbeleko. Hakuna aliyeniambia kuwa huku nyuma kunatingishika namna hii."

Zilipobaki hatua kumi, mkondo ulikuwa mkali mno. Pale juu ya tuta alikuwepo fundi baiskeli, bwana mwenye tumbo kubwa na sauti ndogo, rafiki wa mumewe tangu utotoni. Hakuwa na kamba. Alichokuwa nacho ni tyubu kuukuu za matairi, alizozifunga moja kwa nyingine mpaka zikawa mnyororo mrefu mweusi, akamrushia ncha yake.

"Shemeji, hii inavutika," alimwambia kwa ile sauti yake ya upole, kama anayemweleza mteja. "Ukiona inarefuka usiogope, haikatiki. Jifunge kiunoni."

Ilirefuka kweli. Ilirefuka mpaka Mama Vifungo akaona tuta linamwondokea badala ya kumkaribia. Kisha watu watano wakavuta kwa pamoja, na akajikuta amepiga magoti kwenye kokoto, na bibi mgongoni anauliza kama wamefika au ni mapumziko.

Walipelekwa shuleni, kilimani, pamoja na familia nyingine ishirini na mbili. Mwalimu mkuu, mama mrefu asiyejua kuzungumza polepole, aligawa madarasa kama anavyogawa ratiba. Mama Vifungo na mkwewe waliangukia darasa la tatu. Usiku madawati yalisogezwa ukutani na mikeka ikatandikwa, na asubuhi mikeka ilikunjwa, kwa sababu mwalimu mkuu alisema watoto wamekaa bure na yeye hawezi kuvumilia kuona mtoto amekaa bure. Akafundisha. Bibi, ambaye maisha yake yote hakuwahi kukanyaga shule, alikaa pembeni ya ukuta akisikiliza.

Maji hayakuondoka na mtu upande ule. Yaliondoka na mbuzi, kuku, magunia ya mahindi, na kuta za watu. Yaliondoka pia na daraja. Mumewe alikuwa ng'ambo, lori limesimama, na siku ya tatu, simu ya mwalimu mkuu ilipopata chaji ya sola, walizungumza.

"Naliona bati la nyumba yetu kutoka hapa," alisema. "Bati peke yake. Mama yupo?"

"Yupo. Yuko darasani."

"Darasani anafanya nini?"

"Anasoma. Wamefika jedwali la mara saba. Sasa hivi anamsahihisha mtoto wa kinyozi."

Akamsikia mumewe akicheka, cheko la mtu aliyekuwa amejizuia kulia, mpaka akapaliwa.

Siku ya kumi maji yalirudi mtoni. Mama Vifungo aliteremka na wengine. Nyumba ilikuwa imesimama, ila jiko la nje halikuwepo na ukuta wa chumba cha nyuma ulikuwa umelala kifudifudi. Ndani kulikuwa na tope la kufika magotini, laini, lenye harufu ya majani yaliyooza. Lile furushi la turubai lilikuwa palepale juu ya ukuta. Alilishusha, akaingiza mkono: pakavu. Akakaa kwenye ngazi ya mlango na furushi mapajani, akapumua.

Cherehani aliipata kwa kupapasa. Meza ilikuwa imepinduka kama alivyojua itapinduka, na kichwa cha cherehani kilizama chini yake mpaka shingoni. Alikifukua kwa bakuli. Alipojaribu kuzungusha gurudumu halikusogea hata unywele. Tope lilikuwa limeingia kila tundu, na kutu ilikwisha kuanza, nyekundu kama unga wa pilipili.

Fundi wa cherehani alikuwa mmoja tu, na alikuwa mjini, ng'ambo. Daraja, walisema, labda miezi mitatu. Na mwalimu mkuu alikwisha kutangaza kwamba shule itafunguliwa rasmi baada ya majuma matatu, watoto wote wakiwa na mashati, kwa sababu mtoto aliyepoteza kila kitu anahitaji angalau kufanana na wenzake.

"Shemeji," fundi baiskeli alimwambia, akiitazama ile cherehani pande zote, "mimi hiki kitu sikijui. Lakini chuma ni chuma. Nitakupa bisibisi tatu na mafuta ya taa. Ukifungua skrubu, usiiweke mahali popote ila karibu na tundu ilikotoka."

Alitandika shuka jeupe kwenye kibaraza akaanza kufungua. Hakuwahi kufungua zaidi ya sahani ya sindano. Kila kipande alikiweka kwenye shuka kufuata mpangilio wake, kikapelekwa kwenye beseni la mafuta ya taa, kikasuguliwa kwa mswaki mkuukuu. Siku ya kwanza bibi alikaa akisikiliza. Siku ya pili aliuliza, "Hiyo kazi ya kusugua inahitaji macho?"

"Haihitaji, Mama."

"Basi lete."

Wakawa wawili. Bibi alisugua kila kipande mpaka kikawa na sauti anayoitaka akikigonga kwa ukucha, na akikiridhia alikirudisha palepale kilipotoka, kwa kuhesabu. Katika zile siku nne walizungumza kuliko walivyozungumza miaka ishirini na mitatu. Mama Vifungo aligundua kwamba mkwewe alikimbia nyumbani kwao akiwa na miaka kumi na sita kwa sababu ya mwanamume aliyechaguliwa na baba yake. Bibi naye aligundua kwamba mkamwana wake huimba akidhani hasikiki, na kwamba huimba vibaya.

Siku ya tano waliifunga. Gurudumu lilizunguka. Sindano ikapanda na kushuka. Mama Vifungo akatia uzi, akaweka kipande cha kitambaa, akakanyaga: mishono minne, uzi ukakatika. Akatia tena. Mishono sita, ukakatika. Alibadilisha sindano, akabadilisha uzi, akalegeza, akakaza. Siku mbili nzima. Jioni ya siku ya pili aliifunika kwa gunia.

"Imekufa," alisema. "Nitashona kwa mkono. Nikianza kesho, katika yaliyobaki nitafikisha kumi tu."

"Uzi unakatikia wapi?" bibi aliuliza.

"Chini. Kwenye shato."

"Itoe unipe."

Ile shato ni kipande kidogo, cha mviringo, chenye ncha iliyochongoka inayokamata uzi wa juu na kuupitisha. Mama Vifungo alikuwa ameikagua mara kumi kwenye jua. Bibi aliichukua, akafumba macho yake yasiyoona, akapitisha ncha ya kidole cha mwisho pale kwenye ncha, polepole, kisha akarudi nyuma, kisha mbele. Kidole hichohicho kilikuwa kimepekua ukili miaka hamsini kikitafuta unyasi mmoja uliokaa vibaya.

"Hapa pana kijino," alisema.

"Hapana kitu hapo, Mama. Nimetazama."

"Umetazama. Mimi nimegusa. Kutu imekula hapa kidogo sana, ikaacha kijino. Weka kidole."

Mama Vifungo aliweka kidole hakusikia kitu. Akachukua uzi akaupitisha, ukanasa. Alipata msasa laini wa fundi baiskeli, ule anaosugulia tyubu kabla ya kuziba pancha, akasugua kidogo na kumpa bibi, bibi akapapasa na kusema bado, akasugua tena. Mara ya saba bibi hakusema kitu, alimrudishia tu.

Cherehani ilishona mstari mzima bila kusita. Mama Vifungo aliendelea kukanyaga hata kitambaa kilipokwisha, kwa kusikia ule mlio tu. Kisha aliinama akaushika mkono wa mama mkwe wake, ule wenye harufu ya mafuta ya taa, akaubusu.

"Acha hayo," bibi alisema, lakini mkono hakuuondoa. "Una mashati ya watu."

Shule ilifunguliwa siku iliyopangwa, na mashati thelathini na nane yalikuwepo, mawili yakiwa na mikono mirefu kidogo kwa sababu mshonaji alichoka. Habari nayo ilikwisha kusambaa. Kabla juma halijakwisha, mwanamke mmoja wa kijiji cha pili alifika na cherehani yake ndani ya toroli, imejaa tope. Akafuata mwingine. Kumbe kandokando ya mto ule kulikuwa na cherehani tisa zilizozama, na wenyewe wote walikuwa wanasubiri daraja.

Daraja la muda la kamba na mbao lilipofungwa, mume wa Mama Vifungo alivuka kwa miguu. Alikuwa amejiandaa kukuta msiba wa aina fulani. Alikuta kibaraza kimetandikwa mashuka, wanawake watano wamechuchumaa kila mmoja na beseni lake, mama yake amekaa katikati kwenye kiti kama mwenyekiti, na mkewe amelala chali chini ya mashine ya mtu, bisibisi mdomoni.

"Hodi," alisema.

"Karibu," mama yake alijibu bila kugeuka. "Kaa upande huo, usikanyage skrubu. Za safari tutaulizana jioni."

Alikaa siku ishirini, likizo ndefu kuliko zote alizowahi kupata. Yeye na fundi baiskeli walibomoa kilichobaki cha ukuta wa nyuma, na badala ya kuujenga palepale wakapima sehemu ya juu ya kiwanja, karibu na tuta la barabara, wakaweka msingi wa mawe unaofika kiunoni. Nyumba mpya ilichukua mwaka mzima, chumba kimoja kimoja. Cha kwanza kumalizika kilikuwa chenye dirisha kubwa, kwa kauli moja ya wanawake wa nyumba.

Ushonaji hakuuacha. Lakini Jumatatu na Jumanne Mama Vifungo sasa hutembelea mashine za watu, pande zote mbili za mto, na yule fundi wa mjini, alipoona wateja wanapungua, alikuja mwenyewe kumwona. Alikaa nusu saa akitazama kazi yake, kisha akamwomba amchukulie wateja wote wa ukanda wa mto, kwa sababu yeye barabara ile imemshinda.

Kwa ajili ya kazi hiyo alihitaji usafiri. Fundi baiskeli alimuundia baiskeli kutokana na vipande vya baiskeli nne zilizookolewa topeni, yenye kibebeo kipana nyuma. Mama Vifungo alikuwa hajawahi kupanda baiskeli maishani mwake. Alijifunza kwenye tuta la barabara, jioni baada ya kazi, akiwa na suruali ya mumewe chini ya gauni, na watoto wa shule wakikimbia pembeni yake wakimpa maelekezo yanayopingana. Alianguka upande wa kushoto mara nyingi, upande wa kulia mara moja. Bibi alikaa kwenye kiti mlangoni pa nyumba mpya akisikiliza matairi kwenye kokoto, na kila mlio ulipokatika aliuliza kwa sauti ni upande gani leo.

Jioni moja mlio haukukatika. Ulikwenda ukipungua, ukapita shule, ukapita kwa kinyozi, na watoto waliokuwa wakimfuata wakabaki nyuma wamechoka. Bibi akasubiri. Baada ya muda mrefu akausikia unarudi, na kengele ya baiskeli ikilia bila sababu yoyote, mfululizo, njia nzima.